Wadogo zangu mnaoanza kuandika programu kwa Python, angalieni herufi ya kwanza

Kuna kitu nataka mkishike mapema maana mimi kilinipotezea siku mbili nzima nikiwa fildi hapa Dodoma. Nilipewa orodha ya wakulima wa zabibu, majina yalikua yameingizwa kwa mkono na mengine yana herufi iliyobonyezwa mara mbili, Jummanne, Rehemma, vitu kama hivyo, kazi yangu ni kuyatafuta. Nikasema rahisi tu, kwa kila herufi naangalia jirani yake wa kushoto, zikifanana natoa jina:

jina = jina.lower()
for i in range(len(jina)):
    if jina[i] == jina[i-1]:
        print(jina)

Ikarani vizuri, hakuna erori hata moja, nikaprinti nikapeleka. Bosi akapitisha kidole kwenye karatasi akaniuliza, mwanangu, hawa kina Asha, Amina na Aisha wote wamekosewa nini?

Sikua na jibu. Nikarudi kukaa na peni, nikaandika a s h a, juu ya kila herufi namba yake, 0, 1, 2, 3, ndo nikaona. i ikiwa 0, i-1 inakua -1, na kwenye Python -1 haimaanishi hakuna kitu, inamaanisha herufi ya mwisho! Kwahiyo jirani wa kushoto wa a ya kwanza akawa a ya mwisho, na kila jina linaloanza na kuisha na herufi ileile likanaswa bila kosa.

Upande wa kulia una nafuu, ukiomba jina[i+1] ukiwa mwisho programu inasimama na kukuandikia IndexError. Najua wengi mnaiogopa ile erori ila mimi naishukuru, inakuonyesha mstari wenye shida, wakati ile -1 inakupa jibu la uongo alafu inanyamaza.

Dawa ni kuanzia 1, range(1, len(jina)), au hii ninayoitumia mimi kila siku, zip(jina, jina[1:]), asha inakupa a na s, s na h, h na a, jozi tatu basi, hakuna kuzunguka. Kuanzia Python 3.10 kuna pairwise ndani ya itertools, moduli inayokuja na Python yenyewe, kazi ileile. Ukitaka majirani wa pande zote mbili kata kipande, jina[max(0, i-1):i] na jina[i+1:i+2], pasipo na jirani unapata stringi tupu, hakuna erori.

Alafu msitafute nafasi ya herufi kwa index() ndani ya lupu, nawaomba sana. Chukua Kondoa, ina o mbili, index('o') itakurudishia 1 mara zote mbili, yaani nafasi ya o ya kwanza, kwahiyo o ya pili utaambiwa majirani zake ni K na n wakati ni d na a. Tumia enumerate, inakupa namba na herufi yake pamoja.

Na kwenye majina ya watu msifute herufi kwa programu. Hassan, Abdallah, Neema, herufi mbili zinazofuatana ndo jina lenyewe hilo, programu iweke alama tu, mtu ndo apige simu kumuuliza mkulima.