Usonji ukubwani: unaweza kupimwa

Dada, umeuliza kama kwa miaka 34 bado unaweza kupimwa usonji (autism, yaani ubongo kukua kwa namna tofauti inayogusa mawasiliano, mahusiano na hisia za mwili), maana nesi alikuambia hayo ni mambo ya watoto. Unaweza kabisa. Mtu huzaliwa na usonji na huzeeka nao, ila wengi, hasa wanawake, wamejifunza kuuficha: kukariri la kusema kabla ya kupiga simu, kujilazimisha kumtazama mtu machoni, kisha kurudi nyumbani hoi.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouonyesha. Daktari hutegemea maelezo, na atataka sana kujua utotoni ulikuwaje. Kwa hiyo muulize mama au shangazi sasa hivi: ulianza kuongea lini, ulicheza na wenzako au peke yako, kelele za harusini zilikufanyaje, kuna chakula au nguo uliyoikataa katakata? Andika majibu uende nayo. Ripoti za shule ya msingi zikiwepo, beba.

Kwa kuwa uko Dar, omba rufaa ya kumwona daktari bingwa wa afya ya akili Muhimbili. Usiseme tu "nina msongo", huenda ukapewa dawa za usingizi tu urudi nyumbani. Sema wazi unataka kuchunguzwa usonji. Wasiwasi na sonona (huzuni nzito isiyoisha) navyo vitaje, kwa sababu mara nyingi huambatana na usonji na vinatibika hata kabla jibu hilo kubwa halijapatikana. Na kama una mawazo ya kujiua, usisubiri rufaa, nenda hospitali leo.