Fundi Anajibu: Kichupa cha dawa na mshale wa joto

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Premio ya cc 1,800, naiendesha Tororo hadi Kampala mara mbili kwa wiki na abiria wangu. Zamani lita 1 ilinipa kilomita 12, sasa ni 9 na nusu. Kijana wa pampu ananisihi ninunue kichupa cha dawa ya kumimina kwenye tangi, shilingi 35,000, anasema unywaji wa mafuta utapungua kwa theluthi. Ninunue? Namshukuru Mungu kwa moja: tangu nitengenezewe rejeta mwezi wa pili, gari halichemshi tena. Mshale wa joto hata katikati haufiki. (Dereva, Tororo)

JIBU: Ndugu yangu, hizo 35,000 zishike kwanza. Maneno yako ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikujibu kabla ya wengine wote.

Lakini tuanze na kichupa. Dawa hizi si zote ni uongo. Zile nzuri zina sabuni inayoitwa polietheramini, ambayo huyeyusha uchafu ulioganda kwenye nozeli, vile vimidomo vinavyonyunyizia injini mafuta. Nozeli chafu hutema matone badala ya ukungu, na matone hayaungui vizuri. Ukiisafisha unarudishiwa ulichopoteza, basi. Hakuna kinachozidi pale gari lilipokuwa likiwa jipya. Piga hesabu mwenyewe: mililita 300 katika lita 50 hazifiki hata asilimia 1. Theluthi itoke wapi? EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, limekagua zaidi ya vitu 100 vinavyouzwa kwa ahadi ya kuokoa mafuta, na halikupata kinacholeta nafuu kubwa. Na kikiwa kimeandikwa kuongeza okteni, hiyo kazi yake ni kuzuia injini isigonge, yaani isitoe mlio wa kukong'ota mafuta yanapowaka vibaya. Nawe hujasema yako inagonga.

Sasa mshale. Mafundi wetu wengi gari likichemsha hung'oa thamostati na kuitupa, wanasema ni kifaa cha nchi za baridi. Naumia kila nikisikia hivyo. Thamostati ni mlango wa maji. Hukaa umefungwa mpaka injini ipate moto, kwa Toyota nyingi karibu nyuzi 82, ndipo hufunguka. Ukiutoa, maji hupita rejeta muda wote, na wewe unayekata msitu wa Mabira kwa mwendo, upepo unayapoza tu. Kompyuta ya injini inasoma ubaridi, inadhani umewasha gari sasa hivi, inazidi kumwaga mafuta. Safari nzima unaendesha injini ya alfajiri, na mshale haufiki katikati, kama wako.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea Toyota Wish yake hapa Ndeeba, Kampala. Chini ya kiti palikuwa na vichupa vitatu vitupu. Nilipofungua kifuniko cha thamostati nilikuta ringi ya mpira peke yake, katikati uwazi, kidole kikapita mpaka ndani. Plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, zilikuwa na masizi makavu meusi, yale yanayoshika mkono kama ya sufuria ya jiko la mkaa. Nikaweka thamostati mpya, plagi mpya, na maji ya rejeta yanayostahili, si ya bomba. Akarudi baada ya wiki mbili: kutoka kilomita 10 kwa lita hadi 11 na nusu. Alikuwa ameshatumia pesa nyingi kwa vichupa vile kuliko bei ya thamostati.

Kwa hiyo mrudie fundi wako, muulize kwa upole kama aliitoa. Ila usiirudishe kabla ya kuhakikisha feni inawaka na rejeta haijaziba, maana gari lilichemsha kwa sababu, na sababu hiyo huenda bado ipo. Upepo wa matairi nao upime asubuhi yakiwa baridi, ufuate kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Kisha pima unywaji. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kilomita za safari kwenye sifuri, nenda Kampala urudi, jaza tena pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo safari mbili, kwa sababu foleni ya Mukono ya siku moja inaweza kukudanganya.

Ukiwa bado chini ya 11, hapo tuzungumze habari ya kusafisha nozeli. Niandikie, na uniambie plagi zina rangi gani.