Mkuu usichomeke hilo treila bila gadi

Mkuu simama hapohapo. Umesema treila lako la kulala (RV) ni la amp 50, unaenda nalo Florida na familia, muuzaji kakwambia ile surge ya dola 60, kile kikinga umeme cha kuchomeka kwenye boksi la kempu, inatosha, halafu unauliza ununue betri gani na paneli ngapi za sola. Sola weka pembeni kwanza. Hiyo "inatosha" ndiyo iliyoniunguza mimi.

Texas, mwezi wa saba, joto la kuua. Tumefika kempu jioni, nikashusha breka ya boksi la umeme, nikapandisha, nikapima na mita kabla ya kuchomeka, kwa hiyo mtu asije kuniambia nilizembea. Laivu ya kwanza volti 120, ya pili 120, laivu kwa laivu 240. Safi. Nikaweka surge, tukalala vizuri tu. Kesho yake saa nane mchana AC ikaanza kuguna kama fuso linapandisha Kitonga na mzigo, na wakati huohuo ile feni ndogo ya mtoto ikashika kasi mpaka nikadhani inataka kuruka ituache. Harufu ya plastiki, TV ikatoa moshi kwa nyuma, mimi huyo nje mbio kushusha breka, nimechelewa. TV, maikrowevu, chaja ya betri na bodi ya friji, vyote kwaheri. Karibu dola 2,000.

Msimamizi wa kempu akasema kosa ni treila langu, mpaka fundi wake alipofungua boksi tukakuta skrubu ya nyutro imelegea, waya mweusi tii. Bila mzigo ilikuwa inagusa ndiyo maana mita ilisoma vizuri, AC ilipovuta moto ikaachia. Sasa nyutro ikiachia zile 240 zinagawana zenyewe kufuatana na mzigo, upande wa AC unabaki na kidogo na upande wenye TV na feni unabeba 180 na ushee. Waliokulia Bongo wanaijua hii, nyutro ikikatika kwenye nguzo TV za mtaa mzima zinaondoka.

Na surge? Ilikuwa imekaa tu na taa yake ya kijani. Ile kazi yake ni mruko wa ghafla kama wa radi, umeme ukipanda na kubaki juu inaupitisha kama kawaida. Na nilimuuliza yule muuzaji kwa mdomo wangu huu, hii inazuia umeme mbaya wote? Akasema wote. Hata karatasi ya ndani hajawahi kuisoma, mtu anakuuzia kitu cha kulinda watoto wako wamelala humo!

Unachotaka ni EMS, yaani kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye treila, dola 300 na zaidi kwa amp 50. Ni friji gadi kama ya nyumbani, ila ya treila zima: inakata umeme ukishuka chini ya volti 104 hivi au ukipita 132, na lazima iwe imeandikwa inagundua nyutro iliyokatika. Inapima kabla ya kuruhusu umeme na haiachi kupima hata ukiwa umelala, hiyo mita haiwezi. Ikikataa usiizunguke, omba kiwanja kingine.

Yangu juzi ilikata saa tisa usiku, ikasoma 99. Tulilala jasho linatutoka, asubuhi friji halijaungua.

Hiyo surge kama risiti unayo irudishe leo.