Nimemtenga ng'ombe mwenye vidonda mdomoni, je wengine watasalimika?

Swali: Shikamoo daktari. Ng'ombe wangu mmoja tangu juzi anatoa udenda mzito kama povu la sabuni, anachechemea na ulimi una malengelenge. Nimemtenga. Nimchome oksitetra? Na hawa 11 waliobaki niwachanje leo leo?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, pole sana. Hiyo inafanana sana na ugonjwa wa miguu na midomo, kwaiyo leo hii ita daktari wa mifugo wa serikali achukue sampuli, usingoje kesho.

Kumtenga umefanya vizuri ila nikuulize, nani anamhudumia? Mana kama ni wewe unamnywesha, alafu na gambuti zilezile na ndoo ileile unaingia kwa wazima, hapo hujamtenga, umemhamisha tu, virusi unavibeba wewe mwenyewe. Hili ndo naliona kila mara na linaniuma, mtu kajenga zizi la pembeni vizuri kabisa alafu anavuka na mavi kwenye soli. Tafuta mtu mmoja wa mgonjwa peke yake, na kama hayupo basi anza na wazima, yeye awe wa mwisho, ukitoka kwake vua nguo na uoge. Mlangoni weka beseni la soda ya kufulia, ile sodiamu kaboneti, gramu 400 kwa maji lita 10, ila sugua kwanza tope lote kwa brashi, ukichovya gambuti chafu dawa haifiki kwa kirusi.

Oksitetra haiui virusi, inasaidia pale tu vidonda vikiingiwa na bakteria, na hilo aamue daktari akishamwona.

Chanjo nayo inachukua wiki moja hadi mbili mpaka kinga ijengeke, na ng'ombe anaanza kumwaga virusi kabla hujaona hata kidonda kimoja, kwaiyo hao 11 wahesabu kama wameshaambukizwa. Dalili zinatokea kati ya siku 2 na 14. Alafu kirusi hiki kina aina 7 na chanjo ya aina moja haikingi nyingine, ndo mana nataka sampuli kwanza, na usikubali sindano moja ipite ng'ombe wote.

Usiuze hata mmoja sasa hivi, usiwapeleke malisho wala maji ya pamoja. Anayefuata maziwa asivuke geti, mpelekee nje.

Ndama jamani, ndama! Maziwa ya huyo mgonjwa usiwape kabisa, yamejaa virusi, na kwa ndama kirusi kinashambulia moyo, unamkuta kalala amekufa na mdomoni hana hata kidonda.

Kila asubuhi wapime joto wale 11, kipimajoto kioshwe kila ukitoka kwa mmoja, atakayefika 40 mtoe hapo hapo hata kama bado anakula.