Kupanda hadi uongozi wa chama katika bunge la Georgia

Dada, umeuliza mwanao aliyeko Atlanta aanzie wapi ili siku moja aongoze chama chake katika bunge la jimbo la Georgia. Masharti ya kugombea Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la chini la jimbo hilo, ni mepesi: umri miaka 21, uraia, miaka 2 ya ukaazi Georgia na 1 katika eneobunge lenyewe. Asihamehame.

Kiongozi wa chama bungeni hachaguliwi na wananchi. Wabunge wenzake ndio humpigia kura, kwa hiyo makofi ya mikutanoni hayamsaidii sana. Stacey Abrams, mwanasheria wa kodi, aliingia mwaka 2007. Kufikia 2011 alikuwa kiongozi wa wachache, yaani wa chama chenye viti vichache bungeni. Mwaka huohuo aliwawekea wabunge mezani uchambuzi wa mswada wa kodi, ukionyesha kwamba wananchi wengi wangelipa zaidi. Mswada ukakwama. Kazi ya namna hiyo ndiyo wenzake huikumbuka.

Ajue na hesabu: viti 180, mswada hupita kwa kura 91, vikao siku 40 tu kuanzia Januari. Michango aikusanye mapema, maana mbunge wa kawaida haruhusiwi kupokea hata senti wakati bunge linaketi. Wageni wengi hushtuka hapo.