Kutoka vijiji vinne hadi sitini: maswali yenu kuhusu ushirikishwaji wa wananchi

*Shamba darasa letu limefanya vizuri katika vijiji 4. Mfadhili anataka vijiji 60 ndani ya mwaka mmoja. Tutaweza? (Afisa ugani)*

Mabango 60 mtaweza. Shamba darasa lenyewe, sidhani. Tangu lilipoanza kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, linakwenda na msimu: wakulima wanakutana kila wiki, wanapindua majani, wanahesabu wadudu waharibifu na wale rafiki, ndipo wanabishana kama dawa ipigwe au la. Ukibanwa na muda, kitu cha kwanza kukatwa ni huo ubishi. Anabaki afisa na fimbo yake, akihutubia. Omba misimu miwili, na fungu la nauli ili wakulima wa vijiji vile 4 wakawafundishe majirani zao.

*Mpango wetu wa Fursa na Vikwazo (ule wa maendeleo ambao wanakijiji wanapaswa kuupanga wenyewe) unafanana na wa kijiji jirani mpaka makosa ya herufi. (Mjumbe wa halmashauri ya kijiji)*

Mmeandikiwa mpango wa kunakili, ndugu yangu. Urudisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida unaitishwa kila miezi mitatu. Kila kitongoji kitaje jambo moja kitakaloanza chenyewe kabla hela ya halmashauri ya wilaya haijafika. Hayo yaandikwe ukurasa wa kwanza, maombi kwa serikali, kama zahanati, yafuate.

*Kuna mahali hapa kwetu ushirikishwaji ulipanuka bila kuharibika? (Mwanafunzi, maendeleo ya jamii)*

Shinyanga. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa yasichungwe hadi kiangazi, zilizokuwa kwenye rekodi zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita 300,000. Siri yake ni kwamba mabwana misitu hawakuleta kitu kigeni. Wasukuma walikuwa wakitenga malisho ya kiangazi tangu zamani, na dagashida, baraza lao la jadi, ilijua namna ya kumtoza faini anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Ila usiisifu kupita kiasi: mwenye ng'ombe wengi ndiye mara nyingi mwenye ngitili kubwa, na asiye na ardhi ananunua majani.

*Wanawake wanakuja mkutanoni lakini hawasemi. (Mwenyekiti wa kijiji)*

Mheshimiwa, mkutano unaanza saa ngapi, na wao wanakaa wapi? Kama ni chini ya mwembe, nyuma ya viti vya wazee, wamekwisha kuambiwa wanyamaze. Wakae kwanza peke yao, wachague msemaji, na hoja zao zisomwe kabla wewe hujafungua mdomo.