Usiwashe Tanuri Kabla Hujamjua Mnunuzi

Juzi usiku kijana mmoja wa Korogwe kaniandikia: "Shikamoo kaka. Huku kwetu pumba za mbao zinachomwa bure tu. Naomba fomula ya mkaa amilifu nianze biashara."

Marahaba, mdogo wangu. Fomula ya mkaa huu wa kunasa rangi na harufu nitakupa, haina siri. Ila kwanza sikiliza yaliyonikuta Handeni, maana mimi ningeelezwa mapema, cherehani ya mke wangu ingekuwa bado iko sebuleni.

Nilianzia Muheza, kwenye mashine za kupasua mitiki ya Longuza. Ukipita pale unakuta lundo la pumba na mabanzi linafuka moshi siku nzima. Wengine walipaliwa wakapita zao. Mimi nilisimama nikaona mtaji. Nikajaza magunia, nikayapeleka kibandani kwangu Pongwe.

Mkaa wa kupikia ni nusu tu ya safari ya kufikia mkaa amilifu. Ndani yake mna vitundu vidogo mno, vingi vimezibwa na lami. Ukiupitishia mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, mvuke unazibua vitundu na kuchimba vingine. Kuta za ndani za gramu moja ya mkaa ulioiva vizuri, ukizitandaza, zinapita mita za mraba 1,000. Rangi na harufu hunasa kwenye kuta hizo. Kazi yote ya mkaa huu ni hiyo.

Mimi nilitumia pipa la lita 200 na bomba nililochomelea mwenyewe. Usiku wa tatu kitako cha pipa kiliwiva chekundu, kikabonyea, kikadondoka na mkaa wote ndani. Bati jembamba haliwezi joto hilo. Nikauza baiskeli, nikajenga tanuri la matofali yanayohimili moto. Na usishangae ukivuna kidogo: kilo 100 za pumba kavu zilinipa kilo 25 hivi za mkaa, na mvuke ukala karibu nusu ya hizo.

Sasa Handeni. Kuna mzee anachenjua marudio ya dhahabu, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu ya kwanza kutolewa, kwa maji yenye sayanaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Dhahabu ikishayeyuka kwenye maji yale, hunaswa na mkaa amilifu. Nikasikia bei anayolipa, nikapagawa. Mke wangu akauza cherehani tukanunua magunia, kuni na nauli. Nikampelekea kilo 60, nikalala kwake nikisubiri pesa.

Asubuhi tope lilikuwa jeusi tii. Mkaa wangu wa pumba ni laini; tenki linapokoroga, chembe zikasagana zikawa vumbi, vumbi likapenya kwenye chujio na kutoka na dhahabu ya mtu. Mzee akachota kiganjani, akanionyesha mbele ya vibarua wake, akasema, "Umeniletea majivu ya jikoni." Miaka miwili imepita na bado naisikia sauti yake.

Kosa lilikuwa langu. Mkaa wa dhahabu unatakiwa mgumu, ndiyo maana wachenjuaji wanatafuta wa vifuu vya nazi. Nimekulia Tanga, vifuu tunavikanyaga njiani, na sikuuliza! Nilijua kuchoma, sikujua mnunuzi anaufanyia nini mkaa wake. Vijana wenzangu, hapa ndipo tunapoangukia wengi. Mtu ana lebo na jina la kampuni tayari, lakini hajakaa hata siku moja kwa mteja akitazama. Kaa kwa mteja kwanza.

Mwezi uliopita nilifanya hivyo. Mama mmoja wa Pangani anatengeneza sabuni za mafuta ya nazi, na mafuta yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilishinda kwake siku nzima. Rangi ya mafuta inataka vitundu vikubwa kidogo, na hapo mkaa wa pumba za mti unafaa. Nikaloweka pumba kwenye asidi ya fosforiki usiku kucha, nikazikausha, nikazichoma kwenye nyuzi 450 hadi 500 bila hewa kuingia. Kisha nikasuuza. Nilisuuza mara 11, hadi karatasi ya litmasi ikaacha kuwa nyekundu, kwa sababu asidi ikibaki inaharibu mafuta. Tukapasha mafuta hadi nyuzi 80, tukakoroga na mkaa nusu saa, tukachuja kwa kitambaa na karatasi. Yule mama akainua chupa dirishani, akamwita binti yake aje aone. Mafuta yalikuwa meupe kama maji ya dafu. Ameagiza kilo 20. Cherehani bado sijairudisha, lakini itarudi.

Na ukiuza kwa ajili ya maji, sema kweli. Mkaa huu unaondoa harufu, rangi na klorini. Hauondoi chumvi ya visima vyetu vya pwani, wala si wa kuua vijidudu, maji yachemshwe. Ukimdanganya mama mwenye mtoto mchanga, hiyo si biashara, ni dhambi.

Mdogo wangu, njoo Pongwe na kilo tano za pumba, zianikwe hadi zikauke kabisa, na uniambie ni za mti gani. Vaa viatu vya kufunika na glovu za mpira. Tanuri liko nje, na liko nje kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Kabla ya kuja, pita kwa yeyote unayetaka kumuuzia, umwombe chupa moja ya kitu anachotaka kisafishwe. Tutaanzia kwenye hiyo chupa.